Gumzo la Ukoo: Zuhura kando ya Danube

Zuhura: Shikamooni wazee wangu. Nimefika Krems, Austria, salama salimini. Asubuhi niliondoka Grein kwa baiskeli nikiufuata mto Danube, nikavukia ng'ambo ya kusini juu ya bwawa la umeme la Ybbs-Persenbeug, nikapita chini ya abasia kubwa ya Melk, yaani nyumba ya watawa, kisha nikaingia bonde la Wachau, ambalo UNESCO ililiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2000.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba, mwanangu. Lakini ikiwa ulikuwa unateremka pamoja na mto, mbona umechelewa kufika hadi jioni hii?

Zuhura: Shangazi, mteremko wa mto ni mdogo kiasi kwamba miguu haiuhisi kabisa, mwenye amri ni upepo. Kwa kawaida huvuma kutoka magharibi, na ndiyo sababu mojawapo waendesha baiskeli wengi huanzia Passau, Ujerumani, wakaelekea Vienna. Leo uligeuka ukatoka mashariki, na mifuko niliyoifunga pande zote mbili za gurudumu la nyuma ikazidi kuukinga.

Baba Mdogo: Huo ndio upepo wa mbisho, na hauna huruma hata nchi kavu. Sasa nieleze jambo moja: katika ramani sioni daraja lolote kati ya Melk na Krems, nawe umesema ulikuwa ng'ambo ya kusini. Krems iko kaskazini.

Zuhura: Nilivuka kwa pantoni kutoka Arnsdorf hadi Spitz, Baba Mdogo, na hiyo ndiyo saa niliyoifurahia kuliko zote, kwa sababu chombo hicho hakina injini. Waya mnene umetandazwa juu ya mto kutoka ukingo hadi ukingo, pantoni imefungwa kwenye waya huo kwa kamba zinazoteleza juu yake, na nahodha huielekeza mshazari ili maji yanayoshuka yaisukume ubavuni hadi ng'ambo. Akitaka kurudi, hugeuza mshazari upande wa pili.

Baba Mdogo: Nimeelewa. Waya unazuia chombo kisichukuliwe na maji, kwa hiyo nguvu yote inakwenda upande. Mtu aliyebuni hilo alikuwa baharia.

Omari: Dada, kwa kupita kusini umeikosa Willendorf, ambako mwaka 1908 ilichimbuliwa ile sanamu ndogo ya mwanamke ya Zama za Mawe.

Zuhura: Sikuona hasara, Omari. Sanamu yenyewe, yenye urefu wa sentimita 11 hivi, iko katika jumba la makumbusho la Vienna, nami ninaelekea huko. Kusini kuna magari machache na bustani za aprikoti, ilhali kaskazini, kuanzia Spitz, njia hupita katikati ya mizabibu iliyopandwa kwenye matuta ya mawe hadi Dürnstein, penye magofu ya ngome alimofungwa Mfalme Richard wa Uingereza mwishoni mwa mwaka 1192.

Shangazi Mwanaidi: Katika picha yako kuna kibao chenye namba inayozidi elfu mbili. Hizo ni kilomita ulizoendesha?

Zuhura: La hasha, Shangazi! Vibao hivyo ni vya meli, na huhesabiwa kutoka Bahari Nyeusi kupanda juu, kwa hiyo kadiri ninavyosonga mbele ndivyo namba inavyopungua. Kesho napitia Tulln kwenda Vienna, na nitaondoka alfajiri kabla upepo haujashika nguvu.

Baba Mdogo: Basi kila utakapopumzika, tuandikie namba ya kibao kilicho karibu, nami nitakufuata katika ramani.

Zuhura: Nimesikia, Baba Mdogo.