Naomba ushauri: kuta nyeupe kwenye Dwarf Fortress, mawe yangu ni ya samawati

Wakuu habari zenu. Kwa mnaocheza Dwarf Fortress, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga ngome ya vijeba, mwenzenu nimekwama, na si kwa sababu ya maadui. Ni rangi tu.

Nataka ngome iliyo juu ya ardhi, kuta nyeupe, halafu mstari mweusi pale juu kabisa. Sasa mlima niliouchagua umejaa mikroklini, jiwe la samawati. Mnaijua ile: rangi ya ukuta inafuata jiwe lenyewe, kwa hiyo ngome nzima inang'aa samawati kama bwawa la kuogelea la hoteli. Siwezi kuivumilia.

Marumaru ipo, ila kidogo, na hiyo hiyo ndiyo wahunzi wanaitaka kwenye tanuru kutengenezea feleji. Mawe ya chokaa na ya chaki sijayapata. Jiwe moja nikilichonga napata matofali manne, na kila kipande cha ukuta kinakula tofali moja, kwa hiyo naokoa kiasi fulani. Bado hayatoshi mnara hata mmoja.

Je, niagize mawe meupe kwa msafara wa wafanyabiashara, au feleji isubiri kwanza? Binafsi naona bora ukuta mzuri kuliko panga kali, lakini goblini, wale maadui wanaovamia, hawajali urembo.

Kuhusu nyeusi, nawaza kumwaga maji juu ya magma (mawe yaliyoyeyuka) nipate obsidiani, jiwe jeusi. Waliowahi kufanya hivyo, mlijengaje mfereji wa maji bila kupoteza vijeba? Picha za ngome zenu pia zinakaribishwa, hasa zilizochanganya rangi mbili.