Tupeane uzoefu: walezi wa vijana wa makanisa tofauti Nairobi, mlianzia wapi kushirikiana?

Mlezi wa Umoja: Bwana asifiwe, wapendwa. Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Ninalea vijana katika kanisa la Kipentekoste. Hapa mtaa wa Umoja makanisa yamepakana ukuta kwa ukuta, vijana wetu wanasoma shule moja na kupanda matatu moja, ila sisi walezi hatujuani hata majina. Waliofaulu watueleze. Nadharia sitaki.

Kayole Moja: Mpira. Usianze na kesha, utaulizwa nani anahubiri na nani anashika maikrofoni. Sisi tulitafuta uwanja usio wa kanisa lolote. Timu ya Waadventista ikawa haionekani, watu wakaanza kunong'ona kwamba wanaringa, kumbe mechi zote tumezipanga Jumamosi, Sabato yao! Tukahamishia Jumapili alasiri. Siku hizi refa anatoka kwao.

Katekista, Kibera: Sisi hutumia Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, 18 hadi 25 Januari. Kila jioni tunakuwa kwa mwenyeji tofauti: Neno, nyimbo, maombi, basi. Misa hatuiweki. Wageni wakibaki kwenye viti huku wenzao wanakomunika, jioni yote inaharibika.

Mtu wa Thogoto: Katekista amegusa penyewe. Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana hapa kwetu, kwenye misheni ya Waskoti, kutafuta umoja. Walipofunga mkutano walishiriki Meza ya Bwana pamoja, askofu Mwanglikana wa Mombasa akiongoza. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, Mwanglikana pia, aliwaka na kutaka wenzake washtakiwe kwa uzushi. Kelele zikafika Uingereza. Kanisa moja walilolitamani halikupatikana, lakini 1918 misheni ziliunda muungano wa kazi, na 1926 ukafungua Alliance High School. Meza iliwagombanisha, shule ikajengwa. Mimi kwa vijana ningeanza na kazi.

Githurai 45: Hadithi tamu. Semeni pia kuhusu wizi wa kondoo. Ushirika ukiisha, kanisa lenye gitaa na taa za rangi ndilo hubaki na vijana.

Kayole Moja: Ni kweli, hutokea. Tulikubaliana hivi: kwenye shughuli ya pamoja hakuna kukusanya namba za simu, hakuna wito wa kuokoka, na kijana akihamia kwako unampigia mlezi wake mwenyewe, asisikie kwa watu. Hilo la kumpigia mlezi ndilo limetuokoa zaidi.

Mama Vijana, Kangemi: Na vyombo! Azimaneni spika na hema. Zikirudi zikiwa nzima, hapo mnaweza kupanga kambi ya waliomaliza kidato cha nne. Msikubali mwanasiasa awalipie, atalitaka jukwaa.

Mlezi wa Umoja: Asanteni. Kukosa wito wa wokovu kutanipa kazi kwa mchungaji wangu, lakini la mpira atakubali. Walezi wa Umoja na Donholm mliomo humu, kuna anayejua uwanja usio na mwenyewe Jumapili alasiri?