Adapta ya kuunganisha laptopu mpya na monita ya zamani: nichague ipi?

Swali

Ndugu zangu, salaam. Nina monita ya inchi 19 ambayo nimeitumia kwa miaka mingi, na picha yake bado haijafifia hata kidogo. Nyuma yake ina matundu mawili tu ya picha, yaani VGA ya pini 15 na jingine jeupe, pana, ambalo nadhani ni DVI. Laptopu niliyoinunua karibuni haina hata moja kati ya hayo. Ina HDMI moja na USB-C mbili. Nilinunua kebo nyembamba, upande mmoja HDMI na upande wa pili VGA, nikaichomeka, na monita ikabaki inaandika kwamba haipati ishara. Nilipoijaribu kwenye kompyuta nyingine yenye HDMI, hali ikawa ile ile. Je, kebo ni mbovu, au nimekosea kuchagua? Ningependa pia kuunganisha simu yangu yenye USB-C ikiwezekana. Naomba nielewe sababu kabla sijanunua tena, kwa kuwa inaniuma kuitupa monita nzima kwa kukosa kipande kidogo cha kuunganishia.

Jibu la kwanza

Ndugu, monita yako haina kosa, na huenda hata kebo si mbovu, ila haiwezi kufanya kazi uliyoipa. VGA ililetwa na IBM mwaka 1987, na picha husafiri humo kwa njia ya analogi: rangi nyekundu, kijani na buluu zina waya zake, na mwangaza wa kila nukta ni umeme unaopanda na kushuka kati ya volti 0 na 0.7. HDMI hutuma picha ikiwa tarakimu, yaani kwa njia ya dijitali. Kebo ambayo ndani yake ni nyaya tupu huunganisha pini kwa pini bila kutafsiri chochote, kwa hiyo monita hupokea kitu isichokifahamu na kukaa kimya.

Unachohitaji ni kibadilishi chenye chipu inayogeuza dijitali kuwa analogi. Chipu hiyo hula umeme. Tundu la HDMI hutoa volti 5 kupitia pini ya 18, lakini kiwango ambacho chombo kinalazimika kutoa ni miliampia 55 tu, ndiyo maana baadhi ya vibadilishi vina kitundu cha pembeni cha kuchomekea umeme wa ziada. Ukikuta picha inawaka na kuzimika kila baada ya muda mfupi, anza kwa kukagua umeme huo kabla ya kulaumu kitu kingine. Zingatia pia mwelekeo: kifaa cha kutoka HDMI kwenda VGA hakifanyi kazi ya kutoka VGA kwenda HDMI, hata kama matundu yanafanana kabisa.

Jibu la pili

Maelezo ya ndugu aliyetangulia ni sahihi, lakini mimi ningeiacha VGA kabisa, maana mwuliza swali ametaja DVI na hapo ndipo suluhisho lilipo. DVI ilitoka mwaka 1999, na sehemu yake ya dijitali hutuma picha kwa mtindo uleule ambao HDMI iliurithi baadaye. Kwa hiyo kebo ya HDMI kwenda DVI haihitaji chipu wala umeme, na hufanya kazi kwa mwelekeo wowote. Picha haigeuzwi kuwa analogi njiani, kwa hiyo herufi ndogo hubaki na kingo kali, tofauti na VGA ambayo mara nyingi hukulazimu kubonyeza kitufe cha kujirekebisha hadi ukungu utoke.

Tafadhali chungulia tundu lenyewe kwanza. Utaona vishimo 24 katika safu tatu za vinane, na pembeni ufa mmoja bapa. Ikiwa ufa huo umezungukwa na vishimo vinne, hiyo ni DVI-I, inayobeba dijitali na analogi. Ikiwa uko peke yake, ni DVI-D, dijitali tupu. Kwa kazi yako zote mbili zinafaa, mradi plagi ya kebo iwe ya DVI-D. Sauti usiitegemee kupitia njia hii. Chomeka spika kwenye laptopu.

Mwuliza swali

Nashukuru sana. Nimemulika kwa tochi: safu ni tatu, na ufa uko peke yake. Basi ni DVI-D. Vipi kuhusu simu?

Jibu la tatu

Kwa simu, umbo la tundu lisikudanganye. USB-C ni umbo tu. Kutoa picha ni uwezo wa ziada ambao mtengenezaji huamua kuuweka au kuuacha, na simu nyingi hazina. Tafuta kwenye maelezo ya kiufundi ya simu yako maneno DisplayPort Alt Mode. Yasipokuwepo, adapta ya kawaida ya USB-C kwenda HDMI haitaonyesha kitu, iwe ya bei gani. Yakiwepo, adapta hiyo pamoja na kebo yako ya DVI vitatosha, ingawa filamu zenye ulinzi wa HDCP, yaani kinga dhidi ya kunakiliwa, zinaweza kukataa kuonekana ikiwa monita haina HDCP.

Niongeze jambo moja kwa wanaobaki na VGA. Niliwahi kuhangaika siku nzima na monita iliyogoma kupita nukta 1024 kwa 768, nikabadilisha adapta mbili bure. Kumbe pini ya 12 ya kebo ilikuwa imekunjika na kulala ubavuni. Pini ya 12 na ya 15 ndizo ambazo monita huzitumia kuiambia kompyuta vipimo inavyovimudu, na moja ikikatika, kompyuta hukisia. Niliinyoosha taratibu kwa kibanio, na vipimo vyote vikarudi.

Mwuliza swali

Nimerudi na kebo ya HDMI kwenda DVI. Monita iliwaka mara moja, ila duara zilionekana kama mayai, kwa sababu laptopu ilikuwa imechagua umbo pana. Nilipoingia kwenye mipangilio na kuweka 1280 kwa 1024, ambavyo ndivyo vipimo halisi vya monita hii, kila kitu kikakaa sawa. Maelezo ya simu yangu nimeyasoma yote na hayataji DisplayPort popote, kwa hiyo adapta ya simu sitainunua.