Dahalia kongwe za zege: tuzibomoe au tuzikarabati?

Mtoa hoja: Ndugu zangu, rai iliyoenea ni kwamba dahalia zetu za wanafunzi za ghorofa zilizojengwa zamani kwa zege ni matanuri yanayostahili kubomolewa tu. Siikubali. Nimekaa miaka mitatu ghorofa ya juu ya dahalia moja mjini Unguja, na wakati wa kaskazi kulala kulikuwa mateso. Lakini joto lile lilitoka darini. Visiwa vyetu viko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hulipiga paa karibu wima, na paa bapa la zege hulinywa joto hilo mchana kutwa kisha likatutapikia usiku. Lipakwe rangi nyeupe, au lijengewe juu yake paa la mabati lenye nafasi ya kupitisha upepo, na sehemu kubwa ya adha itaondoka. Kosa jengine tulilifanya wenyewe: matofali ya matundu ya korido tuliyaziba kwa mbao ili tupate stoo, upepo ukakosa pa kutokea, kisha tukaanza kudai viyoyozi.

Mchangiaji: Kaka, zile nyumba za ghorofa za Michenzani hapa Unguja tulisaidiwa kuzijenga na Ujerumani ya Mashariki. Basi watazame Wajerumani wenyewe (wa Magharibi, lakini Wajerumani ni Wajerumani): vijumba vya wanafunzi katika kijiji cha Olimpiki cha 1972 kule München walivibomoa wakajenga upya. Kwetu chumvi ya bahari inakula nondo na plasta inadondoka. Rangi nyeupe itatibu kutu?

Mtoa hoja: Haitatibu, dada yangu, na jengo ambalo mhandisi amelipima akaona nondo zake zimeoza, libomolewe. Lakini Berlin kijiji cha wanafunzi cha Schlachtensee, cha mwisho wa miaka ya 1950, kilinusurika kubomolewa na kikakarabatiwa. Tusichoweza kuiga ni ufundi wao wa kuzuia joto lisitoke, kwa sababu chumba kilichozibwa barabara hapa kwetu kitaishi kwa kiyoyozi. Desemba 2009, waya wa umeme kutoka Bara ulipoharibika, Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu. Mwenye dirisha la kupitisha upepo alilala. Tena anayeamua kuhusu paa ni mwenye jengo, ilhali anayenunua umeme wa Tukuza (wa kulipia kabla ya kutumia) ni mwanafunzi. Hapo ndipo ningependa wengine wachangie.