Naomba msaada: tukisema maisha ya mtu yanatokana na jamii, tunamaanisha nini hasa?

Mwanagenzi:

Wanajukwaa, salaam. Niko mwaka wa kwanza chuoni na hili ndilo somo langu la kwanza la sosholojia. Tulipewa insha fupi: tueleze jambo moja lililompata mtu tunayemfahamu, kisha tulihusishe na jamii pana. Nilimchagua binamu yangu, ambaye baada ya kuhitimu alizunguka na bahasha ya vyeti kwa miaka miwili bila kupata kazi, na hatimaye akaacha hata kuomba. Nilimalizia kwa kuandika, "Kwa hiyo, ni jamii iliyomfanya akose kazi." Mhadhiri aliipigia mstari sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni maneno manne tu: "Jamii ipi? Imefanya nini?"

Nimeyarudia maelezo ya darasani mara tatu na bado sijaona nilipokosea. Tuliambiwa kwamba mtu hawezi kueleweka akitengwa na jamii yake, nami nilidhani hicho ndicho nilichokisema. Isitoshe, rafiki yangu niliyemwonyesha insha alinicheka, akaniambia kwamba wenzake wawili wa binamu yangu, waliohitimu naye siku moja, wana kazi, kwa hiyo tatizo ni lake mwenyewe. Nilikosa la kumjibu. Naombeni mnieleweshe uhusiano huu kwa mifano, maana fasili ninazo za kutosha.

Mwalimu wa Jioni:

Ndugu Mwanagenzi, pole kwa wino mwekundu. Mhadhiri wako hakulikataa wazo lako. Alichokikataa ni kiima cha sentensi yako. "Jamii" umeifanya kama jitu moja lililoketi mahali likiwanyima vijana kazi, na jitu la namna hiyo halipo. Kuna idadi ya nafasi zilizotangazwa, kuna masharti ya waajiri, kuna sera za elimu zinazoongeza wahitimu, kuna mazoea ya nani humpigia nani simu nafasi inapotokea. Usipotaja ni lipi kati ya hayo lililofanya kazi, na kwa namna gani, utakuwa umekitaja kitendawili bila kukitegua.

Mtu aliyelipa jambo hili lugha tunayoitumia hadi leo ni mwanasosholojia C. Wright Mills, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia huko Marekani. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1959 alitofautisha matatizo binafsi na masuala ya umma, na mfano wake wa kwanza unakuhusu wewe moja kwa moja. Katika mji wa watu 100,000, akikosa kazi mtu mmoja tu, ni haki tuangalie tabia yake, ujuzi wake na fursa zilizo karibu naye. Lakini katika taifa lenye waajiriwa milioni 50, wakikosa kazi watu milioni 15, jawabu hatutalipata ndani ya nafsi ya yeyote kati yao, kwa sababu mfumo wenyewe wa fursa umeporomoka. Angalia kwamba mwenye kukosa kazi anaweza kukesha usiku na kuona haya mbele ya watu vilevile katika hali zote mbili, ila sababu tunaitafuta mahali tofauti. Mills alikuwa na historia ya karibu ya kumfunza hilo: huko Marekani ukosefu wa ajira ulipanda kutoka takriban asilimia 3 mwaka 1929 hadi takriban asilimia 25 mwaka 1933, na mtu anayeshikilia kwamba kukosa kazi ni uvivu atalazimika kutueleza ni ugonjwa gani wa uvivu uliowapata mamilioni ya watu kwa pamoja ndani ya miaka minne.

Sasa kuhusu rafiki yako. Yeye na wewe mnajibu maswali mawili mkidhani ni moja. Yeye anauliza kwa nini binamu yako amekosa na wenzake wamepata. Wewe unauliza kwa nini wahitimu wanaokosa ni wengi kiasi hiki. Nafasi zikiwa saba na waombaji kumi, watatu watabaki nje hata wote kumi wangekuwa hodari sawasawa. Bidii inaweza kubadilisha majina ya watakaobaki nje, lakini haiongezi nafasi.

Hata swali lake, usimwachie kirahisi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba habari za kazi mara nyingi huwafikia watu kupitia wale wanaofahamiana nao kwa mbali, wanaoonana mara chache, kuliko kupitia marafiki wa chanda na pete, kwa sababu marafiki wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe. Kwa hiyo umuulize binamu yako kwa upole: wale wawili walizisikiaje nafasi zao?

Sikubali Haraka:

Mwalimu, naomba nikupinge kidogo. Nimekaa na vijana wengi, na maelezo ya aina hii huyapokea kwa furaha isiyonifurahisha, kwa kuwa huwapa ruhusa ya kuketi. Kama muundo wa jamii ndio unaoamua, mtu amebakiwa na nini cha kuamua? Naona sosholojia imemwondolea mtu wajibu, kisha ikamwachia kijana maneno makubwa ya kujitetea nayo.

Bi Sarufi:

Ndugu Sikubali Haraka, hofu yako naielewa, lakini umedhani kwamba jamii na mtu wanagombania kamba moja, kwamba kila hatua upande mmoja ukivuta, mwingine umepoteza. Nitumie mfano ulio midomoni mwetu sote.

Mtoto wa miaka mitatu akisema "kiti mdogo", mtu mzima aliye karibu atamrekebisha: "kiti kidogo." Hakuna anayemsomea kanuni, na pengine aliyemrekebisha hawezi hata kuzitaja ngeli. Mtoto hakuzichagua ngeli hizo, amezikuta. Akizikaidi hafungwi jela, ila atachekwa, na kuchekwa kunatosha kabisa kumrudisha kwenye mstari. Mwanasosholojia wa Ufaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1895 kuhusu kanuni za utafiti wa sosholojia, aliziita hali za namna hii hakika za kijamii: zilikuwepo kabla yetu, ziko nje ya kila mmoja wetu, na zinatushurutisha hata pale tusipohisi shuruti. Lugha na fedha ni miongoni mwa mifano aliyoitaja yeye mwenyewe. Wanasosholojia huita ujamiishaji mwendo huo wa kumfanya mtoto aone "kiti kidogo" kuwa jambo la kawaida kama kupumua.

Lakini tazama upande wa pili. Neno "kitabu" tulilipata kutoka Kiarabu, ambako silabi yake ya kwanza ni sehemu ya mzizi wa neno na haihusiani na ngeli yoyote. Wasemaji wa Kiswahili waliisikia "ki-" hiyo, wakaichukulia kuwa kiambishi chao, wakaanza kusema "vitabu". Hakuna kikao kilichopitisha uamuzi huo. Vinywa vingi, kila kimoja kikijisemea mambo yake, vilitengeneza kanuni ambayo leo inamfunga kila mmoja wetu. Jaribu kusema "kitabu nyingi" uone nyuso za watu. Kanuni hiyo hiyo inayotubana ndiyo inayotuwezesha kuelewana, na ingekufa siku tutakayoacha kuisema. Hilo ndilo mwanasosholojia wa Uingereza Anthony Giddens alilolifafanua kwa kirefu mwaka 1984: muundo unawezesha matendo yetu na kuyawekea mipaka, na wakati huo huo unazaliwa upya na matendo hayo hayo. Mwanafalsafa Karl Marx naye alikwisha kuandika mwaka 1852 kwamba watu hutengeneza historia yao wenyewe, ila si katika mazingira waliyojichagulia. Sioni ruhusa ya kuketi katika maneno hayo, bwana.

Mpima Takwimu:

Naongeza tahadhari moja, kwa kuwa wanafunzi wengi wakishaikimbia sentensi ya "ni uzembe wake" huangukia kosa la pili. Durkheim alipochunguza visa vya kujiua, katika kitabu cha mwaka 1897, alishangazwa na kwamba kiwango cha kila nchi kilibaki karibu kile kile mwaka hadi mwaka ilhali watu wenyewe walikuwa wengine kila mwaka. Hoja hiyo ni nzito, lakini inaeleza kiwango, haimwelezi fulani. Kutoka kwenye kiwango cha kundi huwezi kuruka moja kwa moja hadi kwa mtu mmoja aliyemo ndani yake.

Mwanasosholojia W. S. Robinson alilithibitisha hilo mwaka 1950 kwa takwimu za sensa ya Marekani ya 1930. Majimbo yaliyokuwa na wahamiaji wengi zaidi yalikuwa pia na watu wengi zaidi wanaojua kusoma, na msomaji wa haraka angesema wahamiaji walikuwa wasomi kuliko wenyeji. Alipowaangalia watu mmoja mmoja, ikawa kinyume: wahamiaji ndio waliokuwa nyuma kidogo. Kilichotokea ni kwamba walihamia kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma zaidi. Kwa hiyo, Mwanagenzi, hata ukiipata asilimia sahihi ya wahitimu wasio na kazi, bado hujaeleza kwa nini binamu yako ni mmoja wao.

Mwanagenzi:

Nawashukuru sana. Nimempigia binamu yangu simu na kumuuliza kama Mwalimu alivyonielekeza, kisha nimeiandika upya aya ya mwisho hivi: "Matangazo mengi aliyoyajibu yalidai uzoefu wa miaka mitatu, sharti ambalo mtu aliyetoka chuoni hawezi kulitimiza. Wenzake wawili walipata kazi katika ofisi ambazo hazikutangaza nafasi hadharani. Mmoja aliambiwa na jirani wa shangazi yake, mwingine na mtu waliyekutana safarini. Yeye hakuwa na mtu wa kumwambia. Baada ya miaka miwili aliamua kuacha kuomba." Je, sasa kiima kimepatikana?

Mwalimu wa Jioni:

Kimepatikana, na sasa kila sentensi ina mtu au kitu kinachotenda. Ila usiipite haraka ile sentensi ya mwisho. Kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani, mtu huhesabiwa kuwa hana ajira iwapo hana kazi, yuko tayari kuifanya na anaitafuta. Siku binamu yako alipoacha kuomba, alitoka kwenye hesabu hiyo, na kwa upande wake idadi ya wasio na ajira ikapungua kwa mtu mmoja, ingawa bahasha ya vyeti iko pale pale alipoiweka. Aya yako inayofuata ianzie hapo.