Naomba ushauri: kadi zinapasuka kwenye mkunjo
Wakuu, nina kadi 150 za mwaliko, karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, zimechapwa rangi nzito ya maruni. A4 naikata kwa urefu, vipande vya sm 10.5 kwa 29.7, kisha nakunja katikati. Mkunjo unapasuka, weupe unachungulia kama uzi. Sababu naijua: nyuzi za karatasi zinakwenda kwa urefu na mkunjo unazikata. Kugeuza mkato haiwezekani, kadi inafunguka kwa juu. Tayari napitisha peni iliyokwisha wino kwenye rula ya chuma mara 2 ili kuweka mfereji pa kukunjia, nakunja kuelekea upande usio na mfereji. Nishuke hadi gramu 220, au kuna mbinu nyingine? Halafu, selotepu ya pande mbili inashika utepe wa satini? Gundi ya maji inaacha madoa.