Mgongo unaniua, ninunue mkanda wa kiuno?

dadawatabata: Habarini humu. Namlea bibi mmoja hapa Dar, ana kiharusi, upande wa kulia umekufa kabisa na ni kilo 80 hivi, niko naye peke yangu kutwa nzima. Kumtoa kitandani, kumwogesha, kumgeuza asipate vidonda, yote mimi. Sasa Jumanne namnyanyua akaniteleza nikamdaka, kiuno kikalia ka! tangu siku hiyo nikiinamia beseni la nguo siinuki bila kushika ukuta. Jirani kasema ninunue ule mkanda wa wabeba mizigo, unasaidia kweli? Mwanaye sijamwambia, naogopa ataleta mwingine.

baridi_minnesota: Pole sana dada. Mimi niko Marekani nafanya nasingi homu, hela ya mkanda kanywe supu. NIOSH, taasisi ya serikali ya huku ya usalama kazini, tangu 1994 walisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba unakinga mgongo, na ukiuvaa unajiona Hercules ndo unaumia vizuri. Hao hao wanasema mtu asinyanyue mgonjwa kwa zaidi ya paundi 35, kama kilo 16, na hapo mgonjwa awe ametulia, zaidi ya hapo mashine. Wewe unabeba mara tano!!

fiziotanga: Hapo kwenye kumdaka ndipo wengi mnapoumia. Akianza kuanguka usipambane naye, mvute karibu, tanguliza mguu mmoja ateleze juu ya paja lako hadi chini taratibu, ukiona hajaumia ndo uite mtu msaidiane kumwinua. Na kumhamisha sio kumbeba. Kiti weka upande wa kushoto ule mzima, funga breki, mkalishe ukingoni nyayo ziguse chini, msubiri kidogo kizunguzungu kiishe, halafu mwambie ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, makalio yatanyanyuka yenyewe. Mfunge kanga kiunoni ndo ushike hapo, KWAPANI USISHIKE, bega la kiharusi linachomoka kirahisi sana. Kitanda kama kiko chini pandisha kwa matofali, ila yakae imara. Wewe mwenyewe ukisikia ganzi kwenye nyeti au mkojo unakataa, hospitali siku hiyohiyo.

mzee_wa_sheria: Binti mwambie huyo mwanaye leo, kwa meseji, ibaki maandishi. Kuna WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, sheria yake ya 2008, anayechangia ni mwajiri, wewe hukatwi hata shilingi. Muulize kama amekuandikisha, najua atakohoa kwanza.

dadawatabata: Asanteni jamani. Leo asubuhi nimejaribu ya kanga, bibi kacheka eti namfunga kama naenda kumcheza ngoma, ila kweli kainuka nusu yeye mwenyewe, sikuamini. Meseji nimetuma, tiki mbili za bluu, kimya.

mzee_wa_sheria: Piga skrinishoti.